Mvule: Mti, Ubao na Jina Lake

Miongoni mwa methali ambazo mwalimu wa Kiswahili hawezi kumaliza mwaka bila kuzifundisha ni ile isemayo: Penye miti hapana wajenzi. Maana yake twaijua sote. Mwenye neema hajui kuitumia, na ajuaye kuitumia hanayo. Nimeifundisha methali hiyo kwa zaidi ya miaka 30 katika shule za Busoga, mashariki ya Uganda, na kwa miaka mingi mifano yake ilikuwa tele nje ya dirisha la darasa. Siku hizi mambo yamegeuka upande wetu. Wajenzi ni wengi, nyumba zinapanda kila kilima, na fundi wa milango hupata kazi kuliko awezavyo kuimaliza. Kinachokosekana ni mti. Katika makala haya nataka kuwaeleza wasomaji habari za mti mmoja tu, nao ni mvule, na sababu inayonifanya niamini kwamba sisi walimu wa lugha tunahusika na uhai wake.

Jina la mti huu halimpi taabu mwanafunzi wa Uganda. Mganda huuita omuvule, na ikiwa ni mingi, emivule. Mswahili husema mvule na mivule. Irabu ya mwanzo haipo, na ile irabu u ya kiambishi imemezwa, lakini ngeli ni ile ile ya mti na miti, mto na mito. Mwalimu anayetaka kuonyesha undugu wa lugha za Kibantu hana haja ya kutafuta mfano wa mbali. Nje ya Afrika ya Mashariki jina hubadilika. Katika biashara ya kimataifa ubao huu hujulikana kwa jina la iroko, lililotoka katika lugha ya Kiyoruba. Waghana huuita odum, na katika nchi za Kongo wauza mbao huuita kambala. Wataalamu wa mimea nao waliuita Chlorophora excelsa, jina ambalo bado limo katika vitabu vikongwe vya maktaba zetu, hata mwaka 1982 ulipohamishiwa katika jenasi nyingine na kuitwa Milicia excelsa. Basi anayekutana na majina haya yote asidhani kuwa anasoma habari za miti mbalimbali.

Mvule ni wa ukoo wa mtini na mforosadi. Mfenesi, ambao matunda yake yauzwa kando ya kila barabara ya nchi yetu, ni ndugu yake. Kadhalika mutuba, ambao gome lake hupigwa likawa nguo ya heshima ya Buganda, ni ndugu yake. Na msasa, mti wenye majani yanayokwaruza, nao umo katika ukoo huo huo. Ukikata gome la mmojawapo wa miti hii, utaona utomvu mweupe kama maziwa ukichuruzika. Zamani, kabla ya karatasi ya msasa kufika madukani, mafundi walitumia majani ya msasa kulainisha mbao, na jina la mti ndilo lililobaki likiitwa ile karatasi. Kwa hiyo mvule ulipolainishwa kwa majani hayo, ulikuwa ukisuguliwa na jamaa yake.

Baba yangu alikuwa seremala. Alijifunza kazi mjini Jinja katika miaka ya 1950, siku za ujenzi wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, wakati mji ulipokuwa ukihitaji milango, madirisha na samani kwa wingi. Karakana aliyoingia ilikuwa ya fundi Kalasinga, na ndani yake walikuwamo Wasoga, Waluo, Wanyarwanda na Wahindi. Lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili. Nyumbani kwetu tulisema Kisoga, lakini kila Baba alipotuita tumshikie ubao maneno yalibadilika: lete randa, noa patasi, tezo iko wapi, msumeno huu haukati, keekee imepotelea wapi tena? Mimi na ndugu zangu tulidhani kwamba hivyo ndivyo vyombo vinavyoitwa duniani kote.

Naeleza haya kwa sababu wengi katika nchi yetu wamelelewa wakiamini kuwa Kiswahili kilifika Uganda na bunduki begani. Haifai kuukana ukweli wote wa usemi huo. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri jeshini, na utawala wa kijeshi wa mwaka 1971 hadi 1979 uliwaachia watu kumbukumbu chungu. Lakini lugha hii ilikuwa na njia nyingine pia ya kuingia majumbani, nayo ilipitia mezani pa seremala. Kiganda chenyewe ni shahidi. Msumari wa Mswahili ni omusumaali wa Mganda, msumeno ni omusumeeno, randa ni landa, na meza ni emmeeza. Maneno ya namna hii hayakuletwa na mtu aliyetaka kutisha. Yaliletwa na mtu aliyetaka mlango ufunge sawasawa.

Sasa tuutazame ubao wenyewe. Mvule uliopasuliwa leo huwa na rangi ya manjano iliyofifia. Ukiachwa penye hewa na mwanga hugeuka pole pole ukawa kahawia ya dhahabu, na baadaye kahawia iliyokolea, hata mtu anayeona kitanda cha babu yake hawezi kuamini kwamba mbao zake zilikuwa na rangi ya ndizi mbivu. Uzito wake ni wa kadiri. Mita moja ya ujazo ya mvule mkavu hukaribia kilo 650, ilhali mita moja ya ujazo ya maji ni kilo 1,000, na ya mpingo hupita kilo 1,200. Ndiyo maana kipande cha mpingo huzama majini, na mvule huelea. Mpingo ni mti wa mchongaji na wa mtengenezaji wa zumari. Mvule ni mti wa mjenzi. Baba alikuwa akisema kuwa mvule ni mzito wa kumzuia mwizi na mwepesi wa kufunguliwa na mtoto.

Sifa yake kubwa ni kudumu. Kiini cha mvule kina dawa yake chenyewe, nayo huwachukiza mchwa, bungua na kuvu. Nguzo au mwimo wa mlango uliotengenezwa kwa kiini hustahimili mvua na udongo muda mrefu bila kupakwa kitu. Sifa ya pili ni utulivu. Ubao ukipangwa kivulini, vijiti vikawekwa kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, hukauka bila kupasuka ovyo, na ukisha kukauka haunywei wala kuvimba sana majira yanapobadilika. Seremala hupenda sana jambo hili, kwa maana ulimi wa ubao ulioingizwa katika tundu lake wakati wa kiangazi hautalegea wala kulipasua tundu wakati wa masika. Sifa ya tatu ni kwamba hushika gundi na msumari vizuri, na ukisha kupigwa randa na msasa hung'aa kwa mafuta kidogo tu.

Hata hivyo hakuna ubao usio na kasoro, na fundi mwema huanza kwa kuzijua kasoro. Sehemu ya nje ya shina, iliyo chini ya gome, ni nyeupe na haina ile dawa ya kiini. Bungua huila kama wanavyokula ubao wowote. Mnunuzi asiyejua huuziwa ubao ambao nusu yake ni kiini na nusu yake ni sehemu hiyo nyeupe, pengine imepakwa rangi ili zifanane, na baada ya miaka michache huanza kufagia unga chini ya kabati lake akilaumu mvule wote. Pili, nyuzi za mvule zimepishana. Tabaka moja huelekea huku na tabaka la pili kule, kwa hiyo randa isiyo kali hulaza nyuzi upande mmoja na kuzinyanyua upande mwingine. Tatu, vumbi lake huwasha. Mafundi wengi hupiga chafya, wengine huvimba macho na kuwashwa ngozi, na wapo wanaopata pumu. Baba alijifunga kitambaa puani kila alipopasua mvule, na alitukataza kulala karakanani siku hiyo.

Kasoro ya nne ni ya ajabu zaidi, nayo ni jiwe. Ndani ya shina la mvule, aghalabu penye jeraha la zamani, hupatikana vipande vigumu vya chokaa, vingine vidogo kama punje ya mahindi, vingine vikubwa kama ngumi. Mpasua mbao hana njia ya kuviona kabla. Husikia tu mlio wa msumeno umebadilika, na akiutoa hukuta meno yamekufa. Watafiti waliochunguza mivule ya Ivory Coast wamegundua kwamba habari ya chokaa haiishii ndani ya shina. Mti huchukua hewa ya ukaa na kutengeneza chumvi iitwayo oksaleti. Majani na matawi yakioza, kuvu na bakteria huigeuza chumvi hiyo kuwa chokaa katika udongo, hata udongo mkali chini ya mti ukapoa. Kwa lugha nyepesi, mvule huchukua hewa na kuifanya jiwe.

Matumizi yake yanafuata sifa zake. Kwetu mvule umekuwa mlango, mwimo, dirisha, kitanda, kabati, meza na sanduku. Umekuwa mtumbwi wa mbao katika Ziwa Viktoria. Umekuwa sakafu na ngazi za majumba ya serikali. Katika shule za zamani utakuta madawati ya mvule yaliyokaliwa na mababu wa wanafunzi wa leo, yakiwa yamechorwa majina ya watu ambao wengine wamekwisha kustaafu na wengine wamekwisha kuzikwa. Bao la mlango wa mvule hurithiwa. Nyumba huvunjwa, mlango ukang'olewa na kutiwa katika nyumba mpya.

Baada ya kusema habari za ubao, yafaa tuseme habari za uhai wa mti, maana hapo ndipo penye shida. Mvule huweza kufikia urefu wa mita 50, na shina lake likawa na upana wa mita 2. Ni mti upendao mwanga. Hauoti vizuri ndani ya msitu wenye giza. Huota ukingoni, penye uwazi, na katika mashamba. Mivule imegawanyika katika dume na jike. Dume hutoa maua ya ungaunga, upepo huuchukua ungaunga mpaka kwa jike, na jike ndilo lizaalo. Matunda yake ni laini, na mbegu zilizomo ni ndogo kama punje za ulezi. Popo na ndege huyala na kuzitawanya mbegu mbali na mama yao. Maadam hali ni hiyo, mtu anayekata mvule jike uliobaki peke yake kijijini amekata pia mivule ambayo haijazaliwa.

Msomaji atauliza: Ikiwa ni mti wa mashambani, ni nani aliyeipanda mivule yote ile iliyokuwa ikisimama Busoga? Jibu ni kwamba mingi haikupandwa na mtu. Popo aliidondosha mbegu, mche ukaota kati ya pamba au mtama, na mkulima aliyekuwa akipalilia akaukwepesha jembe. Msimu wa pili akaukwepa tena, na wa tatu vile vile. Kuukwepa mche ndiyo kazi yote waliyoifanya wazee wetu, nayo ilitosha. Lakini ili kuukwepa mche ni sharti kwanza kuutambua. Na hapa mvule una hila yake. Jani la mvule mzima lina ukingo usio na meno, ilhali jani la mche lina meno madogo madogo ukingoni, tena lina vinyweleo na hukwaruza. Mtu anayeujua mti mkubwa peke yake akiuona mtoto wake hudhani ni gugu. Haukufanana na mama.

Nilikuja kulifahamu jambo hili kwa uzito wake wote mwaka 2014. Mwisho wa shamba la babu yangu palisimama mvule ambao yeye aliukuta ungali mche katika pamba yake, miaka ya 1930. Baba yangu aliurithi pamoja na shamba, na ingawa alikuwa seremala hakuugusa. Alinunua mbao za watu wengine miaka yote. Alipofariki, shamba liligawanywa kati yetu ndugu 5, na mvule ukaangukia katika fungu la kaka yangu mkubwa. Haukupita muda, shemeji yangu, mke wa kaka, akashikwa na maradhi ya figo. Gharama za matibabu zilimaliza ng'ombe, zikamaliza akiba, zikaanza kulia mlangoni pa kila mmoja wetu. Hapo akaja mfanyabiashara mmoja wa mbao, akauzunguka mti mara mbili, akataja bei.

Tulikutana nyumbani kwa kaka kushauriana. Wadogo zangu walisema mti ni urithi na haukatwi. Kaka hakubishana nao. Aliwauliza tu ni yupi kati yao aliye na fedha za hospitali za wiki ijayo. Hapakuwa na aliyejibu. Mimi nilisema kwamba kama ni kukata, tusiuze mti uliosimama, kwa kuwa auzaye mti uliosimama huuza asichokipima. Tuombe kibali kwa afisa misitu wa wilaya, tuajiri wapasua mbao wenyewe, kisha tuuze mbao. Watu waliafiki, lakini macho ya wote yalikuwa kwa shangazi yetu, dada yake Baba, ambaye alikuwa amebaki peke yake katika kizazi kile na alikuwa hajasema neno.

Alipofungua kinywa alisema hivi: "Mti ni mtu wa nyumba hii, lakini huyu mgonjwa ni mtu zaidi. Kateni. Ila mnionyeshe kwanza mwanawe."

Tuliwatuma vijana, wajukuu wa Baba, watu wazima wenye elimu ya sekondari, na mmoja wao alikuwa chuo kikuu. Walitoka wakazunguka shambani muda mrefu. Walirudi wakasema hakuna mche hata mmoja. Ndipo shangazi aliposimama, akashika fimbo yake, akatuongoza kuvuka mihogo mpaka kwenye migomba ya jirani. Alikwenda taratibu akitazama chini. Mwishowe akasimama, akalisogeza jani kavu la mgomba kwa ncha ya fimbo. Palikuwa na mche uliofika magotini. Hatua kadhaa mbele akaonyesha wa pili. Kisha akageuka akauelekeza mkono kwenye shamba la mihogo tulilolivuka, lililopaliliwa vizuri wiki ile ile na vijana wale wale, na udongo wake ukiwa safi kabisa. Hakusema kitu, na hapakuwa na haja ya kusema. Vijana walielewa walichokuwa wakikipalilia miaka yote.

Mvule ulikatwa baada ya matunda ya mwaka ule kuanguka. Ulitoa mbao 96 za upana wa inchi 12 na unene wa inchi 1, mbali na vipande vya miimo. Mbao 80 ziliuzwa, na fedha zilizopatikana zilikuwa nyingi kuliko ile bei ya kwanza. Shemeji yangu alitibiwa, akaishi miaka 4 zaidi, akamwona mwanawe wa mwisho akimaliza shule. Mbao 16 zilizobaki zilitengeneza mlango wa nyumba ya kaka na viti vya baraza. Sijasikia mtu katika ukoo akijutia uamuzi ule, wala sijamsikia mtu akisema ulikuwa mwepesi.

Ile miche miwili tuliiwekea uzio wa miti. Mmoja haukudumu. Kuna kidudu kidogo cha jenasi ya Phytolyma ambacho hutaga mayai yake katika machipukizi ya mvule. Tonge la jani huvimba likawa vinundu vya kijani, vinundu hupasuka na kuoza, na ncha ya mche hukauka. Mche ukijaribu kuchipua tena, kidudu hurudi. Hii ndiyo sababu moja iliyofanya mashamba ya mvule peke yake kuwa magumu kustawisha, tofauti na msonobari au mkalitusi, ambayo mtu huipanda safu kwa safu. Wataalamu hushauri kuichanganya miche ya mvule na mimea mingine, isisongamane mahali pamoja ikawa karamu. Mche wetu wa pili ulisalimika kati ya migomba, na sasa umepita paa la nyumba. Kisiki cha mama nacho kilichipua upya. Mche ule hatujui kama ni dume au jike, wala hatutajua mpaka utakapotoa maua.

Haifai kudhani kwamba jembe ndilo adui wa pekee. Mashamba yetu yamegawanyika yakawa vipande vidogo, na mwenye kipande kidogo huona kivuli cha mvule kikila mahindi yake. Tanuri za matofali na mkaa zinahitaji kuni. Msumeno wa injini huangusha kwa saa moja kile kilichochukua miaka 80 kusimama. Sheria ipo: Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003 inampa waziri uwezo wa kutangaza aina fulani za miti kuwa ya kulindwa, hata ikiwa imesimama katika ardhi ya mtu binafsi. Lakini sheria humlinda mti anayeonekana. Mche uliofika magotini hauna afisa wa kuulinda. Mlinzi wake ni yule mwenye jembe, na silaha pekee aliyo nayo mlinzi huyo ni kulijua jina lake na sura yake.

Hapo ndipo kazi yetu inapoanza, walimu wenzangu. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe katika shule za msingi na sekondari. Tumefurahi, na tuna haki ya kufurahi. Lakini tazameni jinsi tunavyofundisha ngeli ya M-/MI-. Twaandika ubaoni: mti, miti, mwembe, miembe, mvule, mivule. Watoto hunakili, hukariri, hupata alama zao, na jioni hurudi nyumbani kushika jembe. Neno mvule wanalijua kwa umoja na kwa wingi, wanalijua kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama, na mche wenyewe wanaung'oa. Lugha iliyofundishwa namna hiyo ni kama ile sehemu nyeupe iliyo chini ya gome: ina umbo la ubao, lakini bungua wataila.

Napendekeza mambo matatu, na yote nimeyajaribu katika shule niliyofundisha. La kwanza, kila jina la mti linalotajwa darasani lije na jani lake, na kama ni mvule yaje majani mawili, la mche na la mti mzima, watoto wayashike na kuyalinganisha. La pili, mwalimu amwalike seremala wa karibu aje na vyombo vyake, ataje randa, patasi, tezo na keekee, apige randa ubao mbele ya wanafunzi, aeleze kiini ni kipi na sehemu isiyofaa ni ipi. Mafundi hawa wana msamiati ambao haumo katika vitabu vyetu vingi vya kiada, na wengi wao ni wazee. La tatu, wanafunzi watumwe kwa bibi na babu zao wakusanye majina ya miti katika lugha ya nyumbani, kisha wayaandike sambamba na ya Kiswahili. Mwaka wa kwanza niliofanya hivyo wanafunzi 40 walirudi na majina 63, na majina 20 kati ya hayo yalikuwa ya miti ambayo hakuna aliyeweza kunionyesha.

Wenzetu wa Rwanda, Burundi na Kongo wanaosoma jarida hili wana miti yao na majina yao, na mvule wenyewe unajulikana katika nchi zao nyingi. Wanaweza kuanza na mti wowote unaostahili. Gharama yake ni ndogo, na haihitaji kungoja vitabu vipya wala semina. Msimu wa kupalilia ukifika, mwalimu atoke na darasa lake mpaka ukingoni mwa shamba la shule, ainame, alisogeze jani kavu, awaonyeshe lile jani lenye meno, na kuwaambia: huu ni mvule, uacheni.